Flashi orijino au ya kampuni nyingine? Ulinganisho kwa mpigapicha wa Uganda

Mpigapicha anayekula kwa kazi za sherehe hapa Uganda, leo kwanjula (sherehe ya utambulisho ya Waganda), kesho harusi, keshokutwa kipaimara, anahitaji flashi mbili za kawaida kabla ya kuhitaji moja ya bei kubwa. Huo ndio msimamo wangu. Lakini una mipaka, kwa sababu zipo kazi ambazo flashi ya Canon, Nikon au Sony yenyewe inastahili kila shilingi unayoitoa, na mtu anayefanya kazi hizo akinisikiliza nusunusu ataumia.

Kwanza tuelewane. Flashi orijino, kama tunavyoiita madukani Kampala, ni ile yenye jina moja na kamera yako: Speedlite za Canon, zile za Nikon zinazoanzia na SB, HVL za Sony. Upande wa pili zipo Godox, Yongnuo na Neewer kutoka China, na Nissin ya Japani. Hizi si feki. Ni kampuni zinazotengeneza vitu vyao na kuviuza kwa majina yao. Feki ni flashi iliyoandikwa Canon wakati Canon hawaijui. Hiyo usiilinganishe na chochote, irudishe kwenye kabati la muuzaji na uondoke.

Mwanga ni ule ule

Ndani ya kichwa cha flashi yoyote ya aina hii kuna mrija wa kioo wenye gesi ya zenoni, na chini yake kapasita inayokusanya umeme wa betri na kuumwaga kwa mara moja. Canon wanafanya hivyo, Godox wanafanya hivyo. (Usiifungue mwenyewe kutaka kuhakikisha. Kapasita hiyo hubaki na volti mamia hata betri zikiwa zimetolewa, na imewarusha mafundi wazoefu.) Ukimwekea bibi harusi picha mbili mezani, moja ya flashi orijino na moja ya Godox, zimepigwa kwa nguvu moja kupitia softiboksi moja (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), hatakuambia ipi ni ipi. Wewe mwenyewe utabahatisha.

Wauzaji hupenda kulinganisha nguvu kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, na hapo watu wengi hupotezwa. Namba hiyo, ukiigawa kwa umbali wa mita, inakupa f ya kuweka kwenye lenzi ukiwa ISO 100. Canon 600EX II-RT imeandikwa 60. Godox V860III nayo 60. Nikon SB-5000 imeandikwa 34.5, na nimewasikia wapigapicha wakisema Nikon ni dhaifu. Si dhaifu. Canon na Godox wamepima kichwa kikiwa kimevutwa hadi milimita 200, mwanga umebanwa uende mbali. Nikon wamepima kwenye milimita 35, mwanga umetawanyika. Canon hiyo hiyo ukiipima kwenye milimita 35 unapata kama 36. Kwa hiyo zote tatu zinakaribiana sana. Akikuonyesha namba, muulize imepimwa kwenye milimita ngapi. Asipojua, namba hiyo haina maana kwako.

Bei, na kile unacholipia

Canon EL-1 ilipotangazwa mwaka 2020 iliwekewa bei ya kama dola 1,100. Godox V1, iliyotoka mwaka 2019, ilianza kwa dola 260. Hizo ni bei za Marekani. Ikifika Kampala kila kitu kinapanda, maana kuna usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka. Lakini uwiano unabaki pale pale: orijino moja ya juu kabisa ni sawa na nne za upande wa pili. Hata ukishuka ngazi, SB-5000 iliyoanza kwa dola 600 inakupa Godox tatu za TTL (zinazopangiwa nguvu na kamera, nitaeleza mbele) na chenji.

Kama mwanga ni ule ule, fedha hiyo inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kasi ya kujaza umeme tena, kustahimili joto na mvua, na uhakika kwamba kamera na flashi zinaelewana. Tuanze na kasi, maana ndiyo inayotangazwa sana.

EL-1 ikipiga kwa nguvu zote hujaza tena ndani ya sekunde 0.9, na betri moja hutoa mapigo 335 ya namna hiyo. V1 hujaza kwa sekunde 1.5 na kutoa mapigo 480. Kwa karatasi, Canon ina kasi zaidi na Godox inadumu zaidi. Sasa ipeleke kwenye kwanjula. Ni saa kumi na mbili jioni, hema ni jeupe, jogoo anakabidhiwa kaka wa bibi harusi, ssenga, shangazi yake, amesimama kando, na watu wote wanacheka kwa sekunde mbili tu. Ukiwa ISO 1600 na f/4, umeelekeza kichwa cha flashi juu kwenye kitambaa cha hema, unahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu, pengine 1/8. Kwa nguvu hiyo flashi zote mbili hujaza kabla kidole chako hakijarudi kwenye kitufe. Tofauti ya dola 840 huioni popote.

Utaiona ukipiga kundi la watu themanini ngazini kwenye kanisa kuu la Namirembe, jua likiwa nyuma yao, flashi ikisukuma nguvu zote. Hapo sekunde ni sekunde.

Betri

Flashi nyingi za ngazi ya kati, orijino na zisizo orijino, zinatumia betri nne za AA. Uzuri wake unajulikana: AA zinapatikana Arua, Moroto, hata kwenye kibanda cha kijijini. Ubaya ni kwamba AA za kutupa zinajaza polepole, na zikichoka unasubiri huku tukio limepita. Ukitumia AA, tafuta za kuchaji za NiMH zenye kama mAh 2000, na nunua seti tatu.

Za lithiamu ni habari nyingine kabisa. Nazipendelea kuliko kitu kingine chochote kwenye ulinganisho huu. V1 na V860III zinatumia betri moja ya VB26, na ikijaa inamaliza harusi nzima ukiitumia kwa akili. V860II ya zamani inatumia VB18 ya volti 11.1, na hizo mbili haziingiliani. Ukinunua ya mtumba uliza betri yake inaitwaje, kisha nenda kaulizie mjini kama inapatikana, kabla hujatoa fedha. Na tangu mwanzo nunua mbili. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia harusi, betri ya pili iliyojazwa jana yake ndiyo itakayofanya kazi. Betri ya lithiamu hutaipata Moroto saa mbili asubuhi.

Kamera na flashi zinaelewana?

Hapa ndipo penye utamu na uchungu wote.

TTL maana yake flashi inatoa mwako mdogo wa kupima, kamera inasoma mwanga uliorudi, kisha inaiambia flashi itoe kiasi gani. Mazungumzo hayo yanapita kwenye vipini vidogo vya chuma pale flashi inapopachikwa. Canon, Nikon na Sony kwa kawaida hawawagawii wengine lugha hiyo, kwa hiyo Godox na wenzao hujifunza wenyewe kwa kuchunguza. Kamera mpya ikitoka, flashi ya kampuni nyingine inaweza kugoma hadi isasishwe programu yake. V1, V860III na TT685II zina tundu la USB-C kwa kazi hiyo: unapakua faili, unachomeka kwenye kompyuta, basi. Flashi isiyo na njia ya kusasishwa siishauri kwa mtu mwenye kamera mpya, hata ikiwa rahisi namna gani.

Wengi huamini kwamba ukinunua orijino tatizo hili halipo. Lipo. Canon EL-5 ya mwaka 2022 imetengenezwa kwa kamera zenye kipachiko kipya kilichoanza na EOS R3 mwaka 2021. Mwenye 5D Mark IV akiinunua, haimfai kitu, ingawa zote mbili zimeandikwa Canon. Sony nao walibadilisha kipachiko mwaka 2012, na flashi zao za kabla ya hapo zinadai adapta kwenye kamera za leo.

Sasa jambo ambalo nataka kila anayeanza alijue. Angalia juu ya kamera yako, pale flashi inapoingia. Katikati huwa na kipini kimoja kikubwa, ndicho kinachopeleka amri ya kuwaka kwa karibu flashi yoyote duniani. Canon waliondoa kipini hicho kwenye kamera zao kadhaa za bei nafuu: EOS 4000D, 2000D na 250D. Hizo ndizo kamera wanazoanza nazo vijana wengi hapa kwetu. Ukipachika juu yake flashi rahisi ya mkono, yaani isiyo na TTL, kama Yongnuo YN560 au Godox TT600, haiwaki, hata ukiibadilisha betri mara ngapi. Flashi haijaharibika na muuzaji hajakuibia. Speedlite za Canon zinawaka, kwa kuwa zinapokea amri kupitia vipini vingine. Baadhi ya flashi za TTL za kampuni nyingine nazo zinawaka zikishasasishwa. Kwa hiyo kama una moja ya kamera hizo, nenda nayo dukani na upachike kabla ya kulipa. Ikiwa huwezi kwenda nayo, basi kwako orijino ndogo ya mtumba ni salama kuliko mpya ya kubahatisha.

Kosa lingine la boksi ni herufi ya mwisho. V1-C ni ya Canon, V1-N ya Nikon, V1-S ya Sony, V1-F ya Fujifilm. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote akasema, "Bosi, ni ile ile, chukua tu." Si ile ile. Juu ya kamera isiyo yake itapoteza TTL, na ya Sony haitakaa vizuri kabisa.

Na TTL yenyewe, je, ya nani ni bora? Nasema wazi: orijino hukosea mara chache zaidi. Ukipiga picha ishirini mfululizo katika hali moja, mwanga wa orijino hutulia zaidi, na wa kampuni nyingine huyumba kidogo huku na huku. Lakini kanzu nyeupe zinazidanganya zote. Kundi la wakwe waliovaa kanzu likijaa kwenye fremu, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza flashi, na nyuso zetu nyeusi zinazama. Hapo lazima uongeze mwenyewe, nusu hatua au hatua nzima, iwe ni ya Nikon au ya Godox. Mpigapicha aliyezoea kuweka nguvu kwa mkono, akijua kwamba kutoka hapa hadi meza kuu ni mita nne, atapata picha zinazofanana mwanzo hadi mwisho kwa TT600 isiyo na TTL kabisa. Hiyo TT600 inauzwa takriban dola 65.

Flashi ya pili, ile iliyo mbali na kamera

Kama kuna sehemu moja ambayo kampuni nyingine zimewashinda wenye kamera, ni hii. Godox wametumia redio moja ya 2.4 GHz kwenye karibu kila taa yao, kuanzia TT600 hadi taa kubwa za studio. Unapachika triga ndogo juu ya kamera, unaweka flashi moja nyuma ya meza ya keki na nyingine kwenye nguzo ya hema, na zote zinakutii. Zaidi ya hapo, flashi ya Godox iliyotengenezwa kwa Nikon inapokea amri na TTL kutoka kwa triga ya Canon, mradi imewekwa mbali na kamera. Hapa Kampala, ambapo kazi moja wanaifanya wapigapicha watatu wenye kamera tofauti na kuazimana vifaa ni kawaida, jambo hili peke yake linatosha kuamua.

Canon walileta redio yao mwaka 2012 na 600EX-RT, na ni nzuri, lakini inaongea na Canon. SB-5000 inataka kifaa kingine kidogo kwenye kamera nyingi za Nikon ili redio ifanye kazi. Flashi nyingi za zamani za orijino, kama 580EX II, hutumia mwanga badala ya redio: zinapaswa kuonana, na jua la saa nane mchana linazipofusha. Mwenye 600EX-RT tayari asitupe mfumo wake. Yongnuo YN600EX-RT inaelewana na redio hiyo ya Canon, na inamwongezea flashi ya pili kwa fedha kidogo. Yongnuo na Godox lakini hazielewani kwa redio, kwa hiyo chagua familia moja mapema ubaki nayo.

Picha za mchana: kamera nyingi haziruhusu flashi kuendana na shata inayozidi 1/200 au 1/250 bila HSS, uwezo maalumu wa flashi kuendana na shata ya kasi zaidi. YN560 IV haina HSS. TT600 inayo, ila tu ikiwa mbali na kamera chini ya triga. Anayepiga picha za wapenzi kando ya ziwa Entebbe saa tisa alasiri na anataka f/2 asinunue hizo mbili kama flashi yake ya kwanza ya juu ya kamera.

Joto, mvua na vumbi

Hapa nageuka. Mwandishi wa habari anayekwenda hija ya Mashahidi Namugongo Juni 3, asubuhi hadi jioni uwanjani, au anayefuata mikutano ya kisiasa barabarani msimu wa mvua, anunue orijino ya juu. EL-1 na 600EX II-RT zimezibwa dhidi ya maji na vumbi pale zinapokutana na kamera iliyozibwa. V1 na V860III hazikuzibwa. EL-1 ina feni ndani ya kupoza mrija, na SB-5000 nayo imejengewa mfumo wa kupoza, inapiga zaidi ya mapigo 100 mfululizo bila kujizima. Flashi ya kawaida ikisukumwa nguvu zote bila kupumzika hujizima ijiokoe, na isiyo na kinga ya joto huunguza plastiki ya mbele hadi inageuka rangi ya chai. Hata orijino zimewahi kushindwa hapa: SB-900 ya mwaka 2008 ililalamikiwa sana kwa kujizima ikipata joto, na Nikon wakatoa SB-910 mwaka 2011. Kwa hiyo usinunue jina tu, nunua modeli.

Mfuko wa plastiki na kitambaa kavu vinamsaidia wa harusi aliyenyeshewa dakika kumi. Havimsaidii wa habari aliyenyeshewa siku nzima.

Ikiharibika

Wengi hufikiri orijino ni salama kwa sababu ya waranti. Uliza waranti hiyo inatekelezwa wapi. Kitu kilicholetwa kwenye begi kutoka Dubai mara nyingi kina karatasi isiyokusaidia hapa. Dai risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, yenye jina la modeli na namba ya flashi, kwa orijino na kwa isiyo orijino. Duka linalosita kuitoa limekujibu tayari.

Kwa fundi, hesabu ni ya ukatili kidogo. Orijino iliyoanguka inastahili kutengenezwa, na kwa modeli zilizozagaa fundi hupata spea kwenye mizoga ya nyingine. TT600 iliyokufa mara nyingi gharama ya kuifufua inakaribia bei ya mpya. Upande wa kuuza baadaye, Speedlite iliyotunzwa inashika bei kwa miaka, na Godox hushuka haraka pindi modeli mpya inapotoka.

Nimchagulie nani nini

Anayeanza, ana kamera yenye kipini cha katikati, fedha ni kidogo: TT600 mbili na triga moja, ajifunze kuweka nguvu kwa mkono. Wa harusi na kwanjula anayelipwa: V860III au V1 ya herufi ya kamera yake kwa juu, TT600 au TT685II kwa mbali, na betri ya lithiamu ya akiba. Mwenye 4000D au 2000D: Speedlite ya mtumba, au TTL ya kampuni nyingine aliyoiona ikiwaka juu ya kamera yake kwa macho yake. Wa habari na wa michezo: orijino iliyozibwa, na asione uchungu kuilipia. Mwenye studio ya picha za pasipoti asisumbuke kabisa na mambo haya, flashi yoyote ya mkono inamtosha.

Yoyote utakayochagua, ijaribu kaunta. Weka nguvu zote, piga mara kumi, kila mara ukisubiri taa ya kuwa tayari, na uhesabu kimoyomoyo inachukua muda gani: ya kumi isichelewe sana kuliko ya kwanza. Geuza kichwa pande zote usikie kama kinashika. Tikisa mguu wake ukiwa umepachikwa. Mguu ukicheza leo utavunjika mwezi ujao. Kwa ya mtumba tazama plastiki ya mbele kama imeungua, na fungua mlango wa betri uone kama kuna kutu ya kijani kwenye chemchemi. Kisha weka TTL, mpige picha muuzaji mwenyewe mbele ya ukuta mweupe na tena mbele ya pazia jeusi, uzilinganishe kwenye skrini ya kamera kabla hujatoa fedha mfukoni.